Jinsi ya kumfufua mhusika aliyekufa katika Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, na msimamizi huongoza hadithi. Kundi jipya likimpoteza mhusika wake wa kwanza, maswali huwa ni yale yale. Amekufa au amezimia? Uganga wa kufufua tunao, mbona msimamizi wa mchezo amekataa? Almasi ya nini? Tukilala mpaka kesho, tutakuwa tumechelewa? Nimeyajibu mara nyingi, mara nyingine usiku wa manane, na anayeuliza ameshika karatasi ya mhusika aliyecheza naye mwaka mzima. Mtu huyo anastahili jibu lililonyooka kabla siku hiyo haijafika, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Kanuni ninazozitumia ni za toleo la tano, lile la 2014, lililofanyiwa marekebisho 2024. Penye tofauti inayokuhusu nitaitaja. Majina ya uganga nimeyaacha yalivyo, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye karatasi yako. Tutenganishe pia maneno mawili yanayowachanganya wageni: mhusika ana ngazi, inayopanda kadiri anavyokomaa, na uganga una daraja, yaani kipimo cha nguvu zake. Kuhani wa ngazi ya 3 hawezi kufanya uganga wa daraja la 3. Anaufikia akiwa ngazi ya 5.

Jambo kubwa kuliko yote nalisema mapema, usije ukalikosa huko chini: kufufua huanzia sokoni. Mezani kwetu kulikuwa na kuhani wa ngazi ya 6. Mwenzake alipouawa na mshale wa mwisho wa pambano, mchezaji wa yule kuhani akaruka kitini, akiutaja uganga wa kufufua wa haraka: “Nina Revivify!” Msimamizi akamwuliza, “Almasi unayo?” Akageuza karatasi yake, akapitisha kidole kwenye orodha ya mizigo: kamba ya futi 50, mienge saba, chakula cha safari, sarafu 940 za dhahabu. Almasi haikuwamo. Dhahabu ya kununua almasi tatu alikuwa nayo begani, lakini mji ulikuwa mwendo wa siku mbili na uganga wake ulikuwa unampa dakika moja. Kidole kilibaki pale pale kwenye zile sarafu, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Kabla hujaanza

Unahitaji vitu vitano. Kikikosekana kimoja, vile vinne havitoshi.

- Mtu anayeweza kuufanya uganga wenyewe, akiwa ameuandaa siku hiyo na ana nafasi ya daraja hilo ambayo hajaitumia (nafasi ni mara anazoweza kufanya uganga wa daraja fulani kabla ya kupumzika).
- Kifaa chenye thamani iliyotajwa, kwa kawaida almasi, mkononi mwenu tayari.
- Mwili wa marehemu, au sehemu yake, kutegemea uganga.
- Muda ambao haujapita.
- Roho iliyo tayari kurudi, na isiyozuiliwa mahali.

Uganga wenyewe uko wa aina tano, na kila mmoja una matabaka yake, yaani aina za wahusika wanaoweza kuufanya, kama kuhani, paladini au druidi. Soma kwa makini, kwa sababu makosa mengi hutokana na kuuchukulia mmoja kama mwingine.

Revivify, daraja la 3. Unagharimu almasi za sarafu 300 za dhahabu. Aliyekufa asiwe amepitisha dakika moja. Hufanywa kwa tendo moja tu, katikati ya vita, na marehemu huamka na pointi 1 ya uhai. Kuhani huupata ngazi ya 5, paladini ngazi ya 9. Marekebisho ya 2024 yamewapa druidi na mgambo pia.

Raise Dead, daraja la 5. Almasi moja ya sarafu 500 au zaidi, siku zisizozidi 10 tangu kufa, na saa nzima ya kuufanya. Huwa wa kuhani, bardi na paladini. Kuhani na bardi huufikia ngazi ya 9, paladini husubiri mpaka ya 17.

Reincarnate, daraja la 5, wa druidi. Huu hauhitaji almasi. Unahitaji mafuta na marhamu adimu ya sarafu 1,000. Siku 10, saa moja. Roho inarudi na kumbukumbu zake zote, ila mwili ni mpya, na dadu ndiyo inayoamua atazaliwa kiumbe gani. Shujaa mrefu anaweza kuamka akiwa mbilikimo.

Resurrection, daraja la 7. Almasi moja ya sarafu 1,000, muda usiozidi miaka 100, saa moja. Huurudisha mwili na viungo vilivyokatika, na pointi zote za uhai.

True Resurrection, daraja la 9. Almasi za sarafu 25,000 na maji matakatifu kidogo. Miaka 200. Hata mwili usipokuwepo, ukilitaja jina la marehemu hutokea mwili mpya karibu nawe. Sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo dhahabu ya uganga huu ni ratili 500, zaidi ya kilo 220. Hapo utaelewa kwa nini watu husafiri na vito badala ya magunia.

Kununua almasi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wahusika wengi wanapofia bila wenyewe kujua.

Kwenye kanuni kuna mkoba wa vifaa, na kuna nembo takatifu ambayo kuhani anaweza kuitumia badala ya vifaa vidogo vidogo kama unyoya au chumvi. Wageni hudhani nembo hiyo inafidia na almasi. Haifidii. Kifaa chochote kilichoandikiwa bei lazima kiwepo chenyewe, na pale uganga unaposema kifaa kinatumika, kinatoweka na hakirudi. Almasi moja, maisha mara moja.

Angalia pia umoja na wingi kwenye maandishi. Katika maandishi ya 2014, Revivify inataka almasi zenye thamani ya 300, kwa hiyo tatu za 100 zinatosha. Raise Dead inataka almasi moja ya 500. Mtu mwenye vijiwe vitano vya 100 hana kitu mbele ya kanuni hiyo, ingawa msimamizi mwenye huruma anaweza kupokea. Usiutegemee upole wa mtu siku ya msiba. Muulize leo.

Ukubwa nao una hasara zake. Uganga hautoi chenji. Ukiweka almasi ya 5,000 kwenye Revivify, inakwenda yote. Na katika orodha za hazina za kitabu cha msimamizi cha 2014, almasi imewekwa kwenye vito vya 5,000, kwa hiyo usikae ukingoja kuiokota ya 300 pangoni. Mwambie msimamizi waziwazi kwamba kundi linatafuta almasi ndogo. Wasimamizi wengi hufurahi kuambiwa hivyo, maana wamepata sababu ya kuwaleta kwa sonara, au kwa mchimbaji mwenye deni, au kwa mwizi.

Swali jingine linalorudi: nikipatana bei nikainunua almasi ya 300 kwa 200, inafaa? Kwa maoni yangu inafaa, kwa sababu kanuni inataja thamani ya jiwe na haitaji ulicholipa. Vivyo hivyo, kulipa 300 kwa jiwe la 100 hakulikuzi jiwe. Wapo wasimamizi wanaoona vingine, na neno lao mezani kwao ndilo linalosimama.

Kundi la ngazi ya 5 linaweza kuchanga. Wanne wakitoa 75 kila mmoja, ile ya kwanza imepatikana. Mimi huwashauri wasiiweke yote kwa kuhani. Akianguka yeye shimoni na mkoba, zimeanguka nazo. Akiba haiozi, lakini hupotea ikiwekwa mahali pamoja.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha amekufa kweli. Mhusika akifika pointi 0 kwa kawaida huzimia, hajafa. Kila zamu yake inapoanza hutupa dadu ya pande 20: 10 kwenda juu ni kupona kumoja, chini ya hapo ni kushindwa kumoja. Akipona mara tatu anatulia, akishindwa mara tatu ndipo anakufa. Akitupa 1 inahesabiwa kushindwa mara mbili, akitupa 20 anaamka na pointi 1. Akipigwa akiwa amelala hapo, anaongezewa kushindwa. Tahadhari: aliyezimia anatibiwa kwa uponyaji wa kawaida, hata Cure Wounds ya daraja la 1 inatosha. Nimeona almasi ikichomwa kwa mtu ambaye alikuwa bado anapumua. Kwa upande mwingine, uponyaji wa kawaida haumsaidii kitu aliyekwisha kufa. Na kuna kifo cha papo hapo: madhara yakimfikisha 0 na yanayobaki yakawa sawa na jumla ya pointi zake za uhai au zaidi, hakuna dadu ya kutupa.

2. Anza kuhesabu raundi. Raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo dakika moja ya Revivify ni raundi 10. Chukua karatasi, andika raundi aliyofia, uizungushie duara. Usiitegemee kumbukumbu ya watu walioshtuka. Raundi 10 ni nyingi kuliko zinavyosikika, na mapambano mengi huisha kabla hazijatimia. Kwa hiyo usimkimbilie maiti aliye katikati ya maadui. Ukimwamsha raundi ya pili na pointi yake moja, adui aliyesimama juu yake atamrudisha alikotoka, na almasi ya pili huna. Maliza vita, au angalau wasukumeni nyuma. Ila pambano likivuta hadi raundi ya saba, acheni kila kitu muende.

3. Muulize mwenye mhusika. Mwangalie usoni, muulize taratibu: “Unataka arudi?” Kanuni yenyewe inadai ridhaa ya roho, na mezani roho hiyo ni mchezaji aliyeketi mbele yako. Wengine wanaona kifo kile kimefunga hadithi vizuri, na tayari wana mhusika mwingine kichwani. Wengine wanataka arudi lakini wanaona haya kuomba mali ya kundi. Wote wawili huwezi kuwajua bila kuuliza. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinaeleza kwamba roho hulijua jina la anayeiita, msimamo wake wa wema au ubaya, na mungu anayemtumikia, na inaweza kukataa kwa sababu hizo. Kwa hiyo mhusika aliyeuawa na kuhani wa giza ana haki ya kutoitikia wito wa kuhani wa giza mwingine.

4. Ukusanye mwili wote. Revivify na Raise Dead hazirudishi kiungo kilichopotea. Mkono ulioachwa pangoni umeachwa. Kichwa kikikosekana, Raise Dead inashindwa moja kwa moja, kwa sababu kiungo ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho hakipo. Kabla ya kukimbia, mtu mmoja ambebe marehemu na mwingine aokote kilichodondoka. Ni kazi isiyopendeza, ifanye.

5. Zuia saa isitembee. Huu ndio ujanja ninaotamani kila kuhani mpya aujue: Gentle Repose, daraja la 2, wa kuhani na mchawi msomi. Huhifadhi maiti kwa siku 10, huzuia asigeuzwe msukule, na siku hizo hazihesabiwi kwenye muda wa kufufua. Kuhani asiye na almasi akiufanya ndani ya ile dakika moja, mlango wa Revivify unabaki wazi mpaka mfike mjini mkanunue jiwe. Yule kuhani wa sarafu 940 angeweza kuokoa kila kitu kwa nafasi moja ya daraja la 2. Angalia mambo mawili. Ukiufanya kama ibada ili kuokoa nafasi, unaongeza dakika 10, na dakika 10 huna, kwa hiyo tumia nafasi. Na sarafu mbili za shaba zinazowekwa juu ya macho ya marehemu, kwa kanuni za 2014, sharti zibaki pale pale. Mbebaji akijikwaa zikadondoka, uganga umekwisha. Zifungeni kwa kitambaa. Kwa marekebisho ya 2024 sarafu hizo zinatumika papo hapo, hofu hiyo haipo.

6. Ufungue mkono. Kuhani mwenye rungu mkono mmoja na ngao mwingine hawezi kutoa almasi mkobani. Ngao yenye nembo takatifu inasaidia kwa uganga usio na kifaa cha bei, lakini almasi inataka vidole vitupu. Angusha rungu kwanza, haigharimu tendo. Kisha mguse marehemu. Uganga huu wa kufufua hufanywa kwa kugusa, huwezi kuurusha ukiwa upande wa pili wa chumba, kwa hiyo hesabu na hatua za kumfikia.

7. Fanya uganga mahali panapostahili. Revivify ni tendo moja na imekwisha. Raise Dead, Reincarnate, Resurrection na True Resurrection huchukua saa nzima, na saa yote hiyo mganga hutumia tendo lake kila zamu na kushikilia umakini. Akipigwa, hutupa dadu ya ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya madhara aliyopata, ipi iliyo kubwa. Akishindwa, anaanza upya. Kanuni inasema nafasi ya uganga haipotei katika hali hiyo. Mezani kwangu na almasi nayo hubaki, kwa kuwa uganga haukutimia. Fungeni mlango, wekeni walinzi wawili, zimeni taa za nje. Saa ya namna hiyo ni nzuri sana kuicheza: waache wenzake wamzungumze marehemu, kila mmoja aseme anachokikumbuka. Mchezaji wake atasikia jinsi mhusika wake alivyopendwa, na hiyo ni zawadi ambayo almasi hainunui.

8. Mpokee aliyerudi. Aliyefufuliwa kwa Revivify au Raise Dead ana pointi 1 tu, yuko mlango ule ule aliotokea. Mpeni uponyaji zamu inayofuata, na awe amelala chini nyuma ya mtu mwenye ngao. Vifaa vyake vya uchawi vilivyokuwa vimefungamana naye vimekatika, kwa sababu kifo hukata fungamano. Atahitaji mapumziko mafupi kwa kila kimoja kuvifunga tena. Wengi hulisahau hili wakamwacha aendelee kutumia pete ambayo haimtambui.

9. Mpe siku nne. Raise Dead na Resurrection humwacha mtu na upungufu wa 4 kwenye kila dadu ya kushambulia, kujiokoa na kujaribu ujuzi. Kila mapumziko marefu hupunguza 1. Yaani baada ya kulala mara nne ndipo anakuwa mzima. Revivify haina adhabu hii, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na lile jiwe la 300 mapema. Tahadhari: msirudi kwa joka kesho yake asubuhi. Upungufu wa 4 kwenye dadu ya kujiokoa dhidi ya moto wa joka ni mazishi ya pili.

Mambo yakikwama

*Uganga tunao lakini kuhani hakuuandaa leo.* Kwa Raise Dead si tatizo. Aende mapumziko marefu, auandae, afanye kesho. Siku 10 ni nyingi. Kwa Revivify hakuna kesho, labda kwa Gentle Repose. Kuhani wa ngazi ya 5 aiandae Revivify kila siku, hata ikikaa miezi bila kutumika.

*Aliyekufa ndiye kuhani.* Tafuteni hati ya uganga. Hati haihitaji vifaa, kwa hiyo almasi haitakiwi. Lakini uganga huo uwe kwenye orodha ya tabaka la msomaji: paladini anaweza, mpiganaji wa upanga hawezi. Daraja likimzidi uwezo, msomaji hutupa dadu dhidi ya 10 pamoja na daraja la uganga, yaani 13 kwa Revivify na 15 kwa Raise Dead. Akishindwa, maandishi yanafutika. Nikiwa na dhahabu ya ziada, hati hiyo hununuliwa na kupewa mtu wa pili kabla ya silaha mpya.

*Hatuna mtu wa ngazi hiyo.* Nendeni hekaluni. Kanuni za 2014 hazikuweka bei moja ya kuhani mkubwa, msimamizi ndiye mwamuzi. Jiandaeni kulipa almasi pamoja na huduma, na mara nyingi huduma yenyewe inakuwa kazi: leteni kitu fulani, ondoeni mtu fulani. Kubalini, lakini ulizeni masharti yote kabla hajagusa maiti. Mkifika siku ya tisa, mnyonge ni nyinyi.

*Amegeuka vumbi.* Disintegrate, uganga wa kusambaratisha, ikimfikisha mtu 0, mwili wote huwa vumbi. Hapo ni True Resurrection au Wish, uganga wa kutimiza matakwa, pekee. Wengi huuliza kama Wish inaweza kunakili Resurrection bila almasi. Kwa vifo vya kawaida inaweza, maana hunakili uganga wowote wa daraja la 8 kushuka chini bila kifaa. True Resurrection ni ya daraja la 9, hiyo hainakiliki hivyo.

*Amefanywa msukule.* Finger of Death, uganga wa kuua, ikimuua mtu, huinuka zamu inayofuata ya aliyemroga, akawa mtumwa wake moja kwa moja. Raise Dead haimrudishi msukule. True Resurrection inaweza. Ndiyo maana maiti asiachwe bila Gentle Repose mnapokimbia mbele ya mchawi wa wafu.

*Amekufa kwa uchovu.* Ngazi ya 6 ya uchovu huua. Akifufuliwa hurudi na ngazi 5, na kwa kanuni za 2014 ngazi ya 5 inafanya mwendo wake uwe sifuri. Msipange safari, atabebwa mpaka alale vya kutosha.

*Amekufa kwa sumu, maradhi au laana.* Raise Dead huondoa sumu na maradhi ya kawaida yaliyokuwa mwilini alipokufa. Laana na maradhi ya kichawi hubaki, na yatamuua tena kitandani. Yaondoeni kabla ya kuanza, au mwe na mtu tayari dakika anapofumbua macho.

*Amekufa kwa uzee.* Revivify na Resurrection hazifai kwake. Hata ule wa 25,000.

*Adui anaukata uganga wetu.* Counterspell, uganga wa kuukata uganga wa mwingine, hufika futi 60, lakini mchawi sharti akuone. Mvute marehemu nyuma ya nguzo au ukuta kwanza, kisha fanya Revivify. Raundi 10 zinakuruhusu.

*Amekufa zaidi ya mwaka mmoja.* Resurrection inaweza, ila humchosha mganga mwenyewe: mpaka apumzike kwa mapumziko marefu hafanyi uganga mwingine, na dadu zake zote za kushambulia, kujiokoa na kujaribu zinakuwa na unyonge, yaani hutupa mbili na kuchukua iliyo ndogo. Fanyeni ndani ya kuta za rafiki.

*Tumefanya kila kitu sawa na hakuamka.* Roho imekataa au imezuiliwa. Muulize msimamizi ni ipi kati ya hizo mbili, ana wajibu wa kuwapa njia ya kugundua. Ikiwa imezuiliwa, kwa mkataba na shetani au ndani ya kito cha mchawi, sasa mna safari mpya, na Gentle Repose irudiwe kila siku ya kumi mkiwa njiani. Ikiwa imekataa, msimshurutishe mchezaji. Mzikeni, mgawane mizigo yake kama alivyotaka, na jiwe kama halikutumika lirudi kwenye mkoba wa kundi, likiwa limeandikwa kwenye karatasi za watu wawili.